Swali la Thelathini na Moja

Ulipita mtaa wa Kapalata mwaka jana, ukamwona Viviane amekaa kizingitini, mgongo umefungwa vitambaa, ukageukia simu yako. Usikatae. Wote mligeuka.

Fatouma, anayeuza mwili pamoja naye katika nyumba ileile, hakugeuka. Alimpeleka polisi. Afisa akacheka, akauliza tangu lini ndumba, mwanamke wa kujiuza, anamshitaki mtu mkubwa, akarudisha kalamu mfukoni. Tangu siku ile Fatouma ana jina la mtu huyo mdomoni na hakuna karatasi inayolikubali.

Kwa hiyo Constant alipoingia uani saa nne asubuhi, na shati lake jeupe na fomu zake za utafiti juu ya hali ya kazi na afya za wanawake hawa, Fatouma alimpa kiti kizima. Alikuwa mtafiti wa nne. Wa kwanza aliuliza habari za kondomu. Wa pili, kondomu. Wa tatu alipiga picha miguu yao, akaenda zake.

Huyu alizishika karatasi zake karibu na kifua, akasoma polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Unalala saa ngapi? Unakula mara ngapi? Umeridhika na maisha kidogo, ao sana? Fatouma akajibu yote. Alikuwa anangoja.

"Swali la thelathini na moja," Constant akasema. "Mteja alikuumiza kwa mkono, kwa mkanda, ao kwa pasi ya makaa?"

Viviane alichomwa kwa pasi ya makaa. Watu wa kondomu hawakuwahi kuiwaza pasi, na polisi hakuiandika. Basi yuko mtu, mahali fulani, aliyesikia. Kwa mara ya kwanza Fatouma akataka kumheshimu mtu wa kalamu.

"Ni nani alitunga swali hili?"

"Profesa wetu mwenyewe. Anawahurumia sana, mama. Maisha yenu anayajua kuliko sisi wote."

"Bon. Andika basi. Yule wa pasi, jina lake niko nalo..."

Constant akainua mkono. Hakuna majina, akaeleza. Ndiyo sheria ya utafiti. Jina la mtu likiingia, fomu imeharibika. Akatia alama kwenye kisanduku, akamgeuzia ukurasa wa mwisho, akafungua kikopo cha wino ili achovye dole gumba. Hakuuliza kama anajua kusoma. Watu wa namna yake hawaulizi.

Fatouma alimaliza sekondari. Akausoma ukurasa kutoka juu, na chini kabisa, penye muhuri na sahihi ya profesa, mkuu wa utafiti, kidole chake kikasimama.

"Petit, mdogo wangu," akasema, "fomu yako imeshaharibika. Jina la yule wa pasi liko hapa."

Constant akanyoosha mkono kuichukua. Fatouma hakuiachia.

"Lisome kwa sauti."

Na wewe uliyegeukia simu, rudi hapa usome naye. Sasa hivi.