Betri Namba Saba

Fundi mkuu alikwishaizunguka betri namba saba mara nne, na kalamu bado iko mfukoni. Ripoti ilitakiwa ofisini saa sita.  Vidole vyake vilichezea funguo kiunoni, hasa ule mdogo mwekundu ambao alishasahau ni wa kufuli gani.

Betri zilikuwa kumi na mbili, kila moja kubwa kama kontena, zikihifadhi umeme wa jua ili mji upate taa jioni. Zilinunuliwa kwa ahadi ya kudumu miaka kumi na tano. Sasa zina tisa tu, rika moja na mwanawe wa kwanza, na kumi na moja kati yake zimechoka hoi. Namba saba ilikuwa kama imetoka kiwandani jana.

Na hiyo ndiyo iliyomponza shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtunzaji wa zote. "Mbona hii moja imeweza?" meneja aliuliza. "Hizo nyingine kaziua kwa uzembe." Fundi akisaini hivyo, shemeji hana kazi.

"Saini tu, shemeji," alisema yule mtunzaji. Alikuwa ameketi chini, kaegemea namba saba, maana ndiyo pekee isiyounguza mgongo wala kunguruma. "Usije ukaharibikiwa kwa ajili yangu."

"Hebu nyamaza kwanza. Hii unaifanyia nini?"

"Naifuta vumbi, kama wenzake."

"Na kisanduku cha swichi?"

"Cha nini? Kinafunguliwa pakiwa na hitilafu, na hii haijanisumbua hata siku moja. Ingekuwa mtoto ningeshainunulia baiskeli."

Alicheka peke yake.  Fundi aliwafikiria watoto watatu wa shemeji, wanaomwita mama mkubwa, akaona uchungu. Kama ni lazima asaini, basi angalau alijue kosa lenyewe, nafsi isije ikamsuta.

Akatoa bisibisi, akalegeza skrubu moja baada ya nyingine, akafungua kisanduku.

Swichi ilikuwa imezimwa, imebanwa kwa kufuli dogo jekundu. Kwenye kufuli ilining'inia kadi iliyofifia, yenye mwandiko wake mwenyewe na tarehe ya siku aliyojifungua mwanawe wa kwanza: "Usiwashe mpaka nirudi."