Ulimi wa Jirani

"Ongeza," alisema Anyesi.

Khairat akachota kijiko cha pili cha masala aliyoyasaga mwenyewe juu ya jiwe: tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, bizari, na chumvi humohumo. Akatia kwenye mchuzi. Jasho likamtiririka. Masala ni kama neno, yakishatoka hayarudi.

Alikuwa amefunga, na yeye ni wa wale wasiogusisha hata ncha ya ulimi. Mwaka wa kumi huu, kila Ramadhani, muonjaji wake ni Anyesi, jirani Mkristo. Ila asubuhi ile waligombana. Mbuzi wa Anyesi alimaliza giligilani yote ya Khairat, na Khairat akamtukana mwenye mbuzi mbele ya nusu ya mji wa Kibaigwa.

Na leo ndiyo leo. Mama yake Abdulnasiri anakuja kufuturu, kuamua kama mwanawe atamuoa Jaha, binti wa nyumba hii. Bibi huyo aliwapikia Wahindi miaka ishirini; masala ya pakiti huyanusa akiwa bado mlangoni. Binti, husema, hupika kama mamaye. Kwa mchuzi tu ameshavunja posa mbili.

Anyesi akachota mchuzi tena, akampa mgongo. Kuku wakamkusanyikia miguuni. Kijiko kikarudi kitupu.

"Ongeza."

"Mama Luka! Unanilipizia mbuzi?"

"Mbuzi wangu ameshashiba, hana kinyongo. Huniamini, onja mwenyewe."

Jua lilikuwa bado juu ya maghala ya mahindi. Khairat akamtazama Jaha, aliyekuwa akisukuma chapati za mwisho. Akafumba macho, akatia.

Adhana ikalia. Mgeni akala tende, akachana chapati, akachovya. Akatafuna. Akachovya tena. Khairat pumzi aliiacha jikoni.

Mwisho bibi akafuta bakuli kwa kipande cha chapati.

"Harusi mnaitaka lini?"

Khairat huyo, mbio hadi kwa jirani, chapati sita na bakuli la mchuzi mkononi.

"Nisamehe, Mama Luka! Ulimi wako huo ni dhahabu!"

"Ulimi gani tena?" Anyesi alikuwa ameshanawa. "Lete huku nami nifungue kinywa, Mama Jaha. Tangu Jumatano ya Majivu nimefunga Kwaresima. Waulize kuku: sijaonja hata kijiko chako kimoja."