Mlio Ndani ya Boksi

Zzzzz.

“Hiyo hapo!” Fundi alifoka, akazima redio kwa kofi. “Usiniambie hukuisikia.”

Seremala alikuwa amekaa naye ndani ya gari la mteja, vioo vimefungwa, jasho linawatiririka wote wawili. Alitikisa kichwa. “Shemeji, haki ya Mungu sisikii kitu. Besi imetulia, tamu kabisa.”

“Tamu! Boksi linatetema kama debe bovu, wewe unasema tamu!”

Miaka kumi na tisa walifanya kazi hivyo. Seremala, kaka wa mke wa Fundi, anatengeneza maboksi ya spika. Fundi anayatafutia sauti. Ananyunyiza mchanga mkavu juu ya spika, anapiga mlio mmoja mzito, anaupandisha na kuushusha polepole. Mchanga ukitulia tuli huku upepo unavuma kwenye bomba la boksi, hapo ndipo penyewe. Pakikosekana, anakata bomba kidogo na kujaribu tena.

Leo mchanga ulitulia mara tano. Upepo wa bomba ulipeperusha karatasi vizuri tu. Lakini Fundi akijifungia garini asikilize, zzzzz, palepale kwenye sauti nzito kuliko zote.

Na hili lilikuwa gari la nne. Tangu arudi kutoka hospitali wiki mbili zilizopita, hakuna boksi la shemeji yake lililokosa mlio.

Walilifungua, wakalifunga. Walikaza skrubu zote ishirini na nne. Walipaka gundi hata pasipokuwa na ufa. Fundi akaingiza kichwa kwenye buti, penseli kaiuma, akasikiliza. Kimya. Akaitoa penseli aandike vipimo. Zzzzz.

“Linanifanyia kusudi hili!” alisema, akaitupa penseli chini.

“Shemeji, usikasirike,” Seremala alisema kwa upole. “Labda ni masikio. Kapime tu.”

Lo! Bora angenyamaza.

“Masikio haya ndiyo yanayokulisha! Wewe sema umechoka. Mbao unaunga ovyo, gundi unapaka kama unamsaidia mtu. Kile kiwanda cha samani si kinakutaka? Lori lao si linapita hapa leo saa sita? Panda, uende!”

Mwezi mzima Seremala alikuwa amelikataa lile lori kwa ajili ya mtu huyu huyu. Akavua aproni, akaikunja, akaanza kupanga misumeno yake sandukuni, mmoja mmoja.

Mke wa Fundi alikuja na chai na mkate, akamkuta kaka yake anafunga sanduku kwa kamba.

“Jamani! Mlio gani huo wa kumfukuzia mtu?” Aliingia garini, akasikiliza wimbo mzima, akatoka amekunja uso. “Mimi sijasikia chochote. Mwombe radhi kaka yangu.”

“Mlio ukiisha, nitamwomba.”

“Haya. Kunywa chai yako basi.” Akaenda kusimama na kaka yake kando ya barabara.

Fundi aliingia garini na chai yake, peke yake. Alichovya mkate mpaka ukalegea, akautafuna upande mmoja, taratibu. Roho ilikuwa inamuuma, na hilo hakutaka kulikubali. Kumi na tisa si miaka michache. Huyo ndiye aliyemshika mkono siku ya harusi, ndiye aliyemsaidia kumzika mama yake. Lakini kazi mbovu ni kazi mbovu, alijiambia, na jina likishaharibika nani atalirudisha?

Kipande cha ganda gumu kikamwingia pabaya, kikamchoma mpaka machozi yakamtoka.

“Hata mkate nao!”

Alitazama kama kuna mtu anamwona. Hakukuwa na mtu. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kilichokuwa kinamsumbua, akakiweka juu ya dashibodi. Nje, lori lilipiga honi. Kwa hasira akafunga mlango, akawasha redio, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Besi ilijaa gari zima, nzito, safi, kama ile ya boksi lao la kwanza. Ikashuka. Ikashuka tena, mpaka chini kabisa.

Zzzzz.

Safari hii mlio haukutoka nyuma. Ulitoka mbele ya uso wake, juu ya dashibodi, ambako seti yake mpya ya meno ya bandia ilikuwa inatetemeka na kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni.

Fundi alitoka mbio hadi barabarani akimwita shemeji yake kwa nguvu zake zote, lakini kinywani mlitoka upepo mtupu, na lori lilikuwa limeshakata kona.