Mzee Obonyo Akataa Kiti

Mzee Obonyo alikataa kiti. Bintiye, Aluoch, alikuwa amekibeba kutoka nyumbani, kiti kizuri cha plastiki chenye mikono, akakiweka nyuma ya wavu mahali ambapo mpira haungemfikia mtu. Mzee alikitazama, akakisukuma kando, akachuchumaa kwenye nyasi.

Jackson Mukhwana aliyaona hayo akiwa katikati ya uwanja, mpira mkononi. Mtu anayekataa kiti hana nia ya kukaa.

Jumapili iliyotangulia alikuwa amekwenda nyumbani kwa mzee kujitambulisha kama mtu anayetaka kumwoa Aluoch. Kazi yake ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi haikumsisimua mzee hata kidogo. Ndipo Jackson, kwa kutapatapa tu, akataja besiboli. Alieleza nusu saa nzima. Bakuli la sukari likawa mrushaji, yaani yeye mwenyewe. Kikombe kikawa mpigaji, amesimama na gongo lake. Akiukosa mpira mara tatu, anatoka. Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo, na hapo ndipo alama hupatikana.

"Na huyu hapa nyuma ya mpigaji?" mzee aliuliza, akigusa kijiko kwa kidole chake cha shahada, ambacho kilikuwa kimepinda kama ndoano. Jackson alidhani ni kazi ya mashine za kiwanda cha nguo alikostaafu mzee.

"Huyo ni wa kudaka tu, Mzee. Anachuchumaa hapo. Hana kazi kubwa."

"Mh," mzee akasema, akanywa chai yake.

Alipomsindikiza mlangoni ndipo alipotoa neno. "Kijana, mimi sina maneno mengi. Jumamosi nitakuja. Mtu namjua nikimwona akimaliza kazi yake. Nikishakujua, tutaongea mambo ya huyu binti."

Na Jumamosi yenyewe ndiyo hii. Tangu azaliwe Jackson hakuwahi kurusha hivi. Mdakaji wake, Kipkemboi, alimwonyesha vidole katikati ya magoti, kimoja kwa mpira wa kasi, viwili kwa mpira unaopinda, na kila kilichoagizwa kilifika. Vijana wa Nakuru walikuja mmoja mmoja, wakapiga hewa, wakarudi kuketi. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza. Warushaji wengi huzeeka bila kuonja siku ya namna hiyo. Jackson aliyajua hayo.

Shida ni kwamba hapa ni Eldoret. Eldoret mchezo ni kukimbia, mengine ni maneno tu. Watazamaji walipoona hakuna anayekimbia, waligeuza shingo wakawatazama wanariadha waliokuwa wakinyoosha misuli kando ya uwanja. Mzee Obonyo peke yake hakugeuka. Alibaki amechuchumaa pale pale, mkono mmoja ameuficha katikati ya mapaja kwa ile baridi, vidole vikichezacheza kama vya mtu anayehesabu dakika aende zake.

Kabla ya raundi ya mwisho Aluoch alikuja mbio hadi kwenye benchi.

"Jack, Baba ameboeka kabisa! Nimemuuliza game inaendaje, akanifokea nisimsumbue. Ati hakuna kitu kimetokea."

"Lakini huo ndio uzuri wenyewe! Kitu kisitokee, hiyo ndiyo kazi yangu!"

"Sasa hiyo utamweleza na bakuli gani? Mpe kitu aone, Jack. Mtu mmoja tu akimbie."

Jackson alimpenda Aluoch kuliko alivyoweza kusema, na hilo ndilo lililomponza. Aliwatoa wapigaji wawili. Akabaki wa ishirini na saba, ambaye akitoka mchezo umekwisha, jamaa mnene mwenye haya. Eldoret walikuwa mbele kwa alama tatu, kwa hiyo moja isingewaangusha.

Kipkemboi akaonyesha vidole viwili. Jackson akatikisa kichwa. Kipkemboi akaonyesha tena, kwa hasira. Nyuma yake, nyuma ya wavu, mzee alikuwa ameinama mbele karibu aanguke, uso umekunjamana. Maskini, amechoka, Jackson akawaza.

Akarusha mpira mnyoofu, wa polepole, kama unavyomrushia mtoto chungwa.

Gongo likalia. Mpira ukapita juu ya ua na kuzama kwenye mahindi ya jirani. Yule mnene akazunguka vituo vyote akihema, na watu, walipoona hatimaye mtu anakimbia, wakamshangilia kama bingwa wa dunia. Aluoch alirukaruka akipiga makofi. Jackson akamtoa aliyefuata kwa mipira mitatu, mchezo ukaisha, Eldoret wakashinda, na Kipkemboi akampita bila kumpa mkono.

Jackson hakujali. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye wavu akitabasamu.

"Mzee, umeuona ule mmoja? Mpaka kwenye mahindi!"

"Nimeuona."

Mzee Obonyo alijaribu kuinuka, magoti yakalia, akarudi chini vilevile, visigino juu, mgongo umenyooka, kama anavyochuchumaa mdakaji. Macho yake yalikuwa mekundu. Akashusha mkono katikati ya mapaja, akanyoosha vidole viwili, kile kilichopinda na jirani yake.

"Ishirini na sita umenisikiliza vizuri," alisema. "Huyu wa ishirini na saba, nilikuambia nini?"