Kipimo cha Tangi la Minjila

Dukicha hajashuka vizuri kwenye pikipiki, tayari amewekewa kopo la klorini mkononi.

"Karibu, bwana afisa," alisema Mama Hawa, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, hapo karibu na Minjila. "Tangi ndilo lile. Fanya kazi yako."

"Mama, kwanza ningependa..."

"Watu wana kiu. Mengine baadaye."

Akina mama walikuwa wameshapanga madumu yao kando ya tangi. Mafuriko yalikuwa yameharibu kisima, na maji haya yaliletwa na lori kutoka mtoni. Juzi juzi watoto walikuwa wameharisha kwa kunywa maji ya namna hiyo, wengine wakalazwa. Dukicha alitazama madumu, akatazama viatu vyake vilivyopigwa rangi vikang'aa. Pa kutokea hapakuwapo.

"Mwaga kopo zima," alishauri Abdirizak, mwenye duka. "Dawa nyingi, ugonjwa kwisha."

"Ikizidi inadhuru," Dukicha alijibu. "Ikipungua, tunajidanganya tu."

Alimkumbuka mwalimu wake wa kemia, aliyekuwa akipiga kelele darasani kila siku: usikimbilie jibu! Andika unachojua. Andika unachotafuta. Kisha angalia vipimo vyako kama vinalingana.

Akaokota kijiti, akachuchumaa, akaandika mchangani. Tangi, lita elfu kumi. Klorini inayotakiwa, miligramu mbili kwa kila lita. Akazidisha.

"Elfu ishirini," akasema.

"Gramu?" Abdirizak aliangua kicheko. "Basi kopo halitoshi. Leteni gunia!"

Akina mama nao wakacheka. Dukicha alihisi masikio yake yakiwaka moto.

"Miligramu," alisema. "Gramu moja ni miligramu elfu moja. Kwa hivyo tunataka gramu ishirini."

Alianza kufungua kopo, kisha akasita. Akaligeuza, akasoma tena maandishi ya ubavuni.

"Hapana, nimekosea. Unga huu si klorini tupu. Katika kila gramu mia, klorini yenyewe ni sitini na tano tu." Akarudi mchangani, akagawanya, akafuta, akagawanya upya. "Gramu thelathini na moja."

"Sasa tushike lipi?" aliuliza Mama Hawa. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ishirini, au thelathini na moja?"

"Thelathini na moja, Mama. Lile la kwanza nilikosea."

Mama Hawa alimkazia macho mpaka kijana akatazama chini. Kisha akamtuma Abdirizak dukani akalete mizani yake ndogo, ile ya kupimia ubani.

Wakapima. Dukicha alitia maji kwenye ndoo kwanza, ndipo akanyunyiza unga, akakoroga huku amegeuza uso upande upepo unakotoka. Akapanda juu ya tangi, akamimina.

"Tungoje nusu saa," alisema. "Asinywe mtu."

Kungoja kulimtesa kuliko hesabu. Abdia, binti wa Mama Hawa, alimletea kigoda, akakiweka chini bila kumtazama, akarudi mbio jikoni kwao, hapo jirani na tangi, huku amejiziba mdomo kwa mtandio.

Muda ulipofika, Mama Hawa alifungua bomba, akakinga kikombe, akamnyooshea Dukicha.

"Wewe kwanza."

Akanywa chote. Maji yalikuwa na harufu kidogo tu, basi. Mara madumu yakaanza kugongana, kila mtu anataka kutangulia, na hata Abdirizak akaonekana na dumu lake.

Katika vurugu hiyo Dukicha alipata nafasi. Alimsogelea Mama Hawa, akainamisha kichwa.

"Mama, nisamehe. Nilitaka kukwambia tangu nilipofika. Mimi si afisa wa maji."

"Najua," alisema Mama Hawa. "Afisa alinipigia simu asubuhi, gari lake limekwama huko Garsen. Kipimo akanitajia hapo hapo kwenye simu: gramu thelathini na moja."

Akageukia jikoni, akapaza sauti.

"Abdia! Toka huko. Huyu mchumba wako uliyeniambia atakuja leo, akikosea anakubali. Mwambie awalete wazee wake."