Mkangazi wa Shomari

Mtaani kwa Bi Mwanahawa kila mtoto hupandiwa mti siku anayozaliwa, na mti huo haukatwi mpaka mwenyewe afe.

Mjukuu wake alipoanza kuota meno, akawa anatafuna kila kilicho mbele yake, Bi Mwanahawa alipeleka plaiwudi na ubao wa dukani kwa Kibwana, fundi anayekata mbao kwa mashine ya leza, amkatie kitanda. Fundi akakataa.

"Gundi ya plaiwudi ikiungua inatoa moshi wa sumu, bi mkubwa. Na huu ubao mwingine umepakwa dawa ya mchwa. Kwa mtoto, niletee mti uliokuzwa nyumbani."

Nyumbani uliokomaa kutoa mbao ulikuwa mmoja tu: mkangazi wa Shomari, mwanawe aliyevuka mpaka zamani kutafuta kazi, kisha akanyamaza kama maji mtungini. Bi Mwanahawa alikwenda ofisi ya miti akaapa kwamba mwanawe amekufa, akapewa kibali cha kuukata.

Leza ilikata vizuri, bila masizi. Lakini kila alipomlaza mjukuu, roho ilimsuta, akakwepa kuzitazama mbao.

Asubuhi moja simu ikalia.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Shomari. Narudi nyumbani, ila hapa mpakani wananiambia mimi ni marehemu. Wanasema wataniachia wakiuona mti wangu umesimama. Upige picha, mama."

Bi Mwanahawa akazigeukia zile mbao. Kitandani, mjukuu alikuwa akiguguna ukingo na kucheka.

"Mama? Piga hata kwa mbali. Wanataka kuona majani tu."