Chai Imepoa

Moyo ulipomwenda mbio kwa mara ya tatu juma lile, Mzee Hamdani alijikokota hadi zahanati akijua siku yake imefika. Muuguzi alimpima, akamwambia moyo wake ni mzima.

"Ni hofu tu, baba. Ikija, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe kwa mdomo polepole, kama mtu anayepoza chai."

Mzee akainamisha uso. Alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwahi kupoza chai. Marehemu mkewe, Bi Mwanamkuu, ndiye aliyekuwa akikaa upande wa pili wa mkeka, akiimimina kwenye kisahani, akiipuliza huku akimpa habari za mtaa, kisha akimsogezea: "Kunywa, imepoa."

"Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Alasiri ile moyo ulianza tena. Mbavu zikambana, na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuitwa. Akabandika chai. Ilipochemka akaimimina kwenye kisahani, nusu ikamwagika mkekani. Akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu, chai ikamrukia kidevuni. Akapuliza tena, polepole sasa, na tena, mpaka mabega yakashuka na moyo ukarudia mwendo wake.

Chai ilikuwa imepoa. Akakinyanyua kisahani, kisha akabaki amekishika hewani, maana mkono wake ulikuwa umeshaelekea upande wa pili wa mkeka.